Neno Ambalo Mkwe Hakuweza Kuliandika

Jina lake hamtalipata kwangu, kwa hiyo msilisubiri. Mtu akifa kwetu sisi Warlpiri, wenyeji wa jangwa la Australia, jina lake nalo linawekwa kando kwa miaka, na atakayelitamka ovyo anajitafutia ugomvi na ukoo mzima, mimi nikiwa wa kwanza kumrukia. Nitamwita binti yetu, inatosha. Alikuwa mtoto wa kaka yangu, nami ni shangazi yake. Ila ninayetaka kuwasimulia leo ni mama yake, Merle Nungarrayi, wifi yangu, mwanamke mkaidi ambaye nimegombana naye kwa miaka thelathini na minne na bado sijachoka.

Merle anatunza siri za watu. Ndiyo kazi yake. Halmashauri inamlipa siku tatu kwa juma, naye anafanya zote saba. Nyuma ya ofisi kuna chumba kidogo chenye milango miwili, mmoja unatokea barabarani na mwingine uani, na kiyoyozi kinachokohoa tangu asubuhi. Humo mna kompyuta moja. Ndani yake kuna barua za hospitali, barua za mahakama, vyeti vya kuzaliwa, faili za wazee waliochukuliwa na serikali wakiwa watoto wakalelewa mbali na mama zao, na sauti za watu waliokaa pale kwenye kiti wakasema mambo ambayo hawajapata kumwambia mke wala mume.

Zamani vitu hivyo vilikaa kwenye kabati la bati lililofungwa kwa waya. Halafu Merle akatolewa kizazi mjini Alice Springs. Barua ya daktari ikaja kwa faksi, karani akaiacha juu ya meza, na Jumamosi uwanja mzima wa mpira ulikuwa na habari ya tumbo la wifi yangu. Nakiri, nami niliisukuma mbele kidogo. Mdomo wangu haujawahi kuwa na komeo. Merle alikuja akasimama mlangoni kwangu, hakuingia, akaniuliza, "Wifi, tumbo langu limekuwa gazeti?"

Kutoka kwangu alikwenda ofisini akaketi sakafuni. Siku tatu alikaa pale, watu wakimruka kwenda kupiga chapa, mpaka meneja akapiga simu mjini. Ndipo akaja kijana mmoja aitwaye Fergus na programu yake. Akatueleza kwamba programu hiyo inayasaga maandishi na sauti mpaka hakuna asomaye wala asikiaye kitu, na kwamba ni neno la siri pekee linaloyarudisha yalivyokuwa. Mwizi akiiba kompyuta, ameiba vumbi.

"Hata wewe uliyeileta huwezi kusoma?" Merle akamuuliza.

"Hata mimi."

"Hata polisi?"

"Hata polisi, mama."

"Na huyu je?" Akaninyooshea kidole mimi. Watu wakacheka, nami nikacheka, ningefanyaje.

Lakini Merle hakuridhika na neno moja. Kwetu katika ngoma za ardhi, mwenye ardhi kwa upande wa baba hagusi kitu mpaka awepo msimamizi wake wa upande wa mama, wa kuangalia kama kila jambo limekwenda sawa. Mwenyewe peke yake hawezi, msimamizi peke yake hawezi. Merle akataka kompyuta nayo iwe hivyohivyo. Fergus akakuna kichwa. Aliyelipanga jambo hilo ni binti yetu, maana alikwisha kusomea mambo hayo mjini na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Akampa kila mtu boksi lake humo ndani, na kila boksi likawa na maneno mawili: moja la mwenye boksi, la pili la mtu aliyemchagua mwenyewe. Likiingia moja, lolote kati ya hayo, programu inangoja dakika tano. Jingine lisipokuja, inajifunga, mnaanza upya.

Fergus alituonya tusitumie majina yetu. Tulimwitikia vizuri, tukampa chai na mkate wa majivuni, alipoondoka tukatumia majina yetu. Kuna kitu gani rahisi kukumbuka kuliko jina lako? Yeye alikuwa akifikiria wezi. Kifo hakikumjia akilini yeye wala sisi, na sisi ndio tuliopaswa kukikumbuka. Mwaka uleule akafa mzee mmoja, na jina lake likawekwa kando. Mabwana wawili waliokuwa wajina wake ilibidi waitwe vingine, na maneno yao ya siri hayakuandikika tena. Merle akahangaika juma zima, mtu hapa mtu pale, akiwahimiza watu wabadilishe kabla hawajafa. Kumwambia mtu mzima abadilishe kitu kabla hajafa si kazi ya adabu, lakini alifanya.

Binti yetu alisema atabadilisha lake kesho. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu utotoni, ile homa inayoanzia kooni ikashuka mpaka moyoni. Watoto wetu wengi wanayo. Madaktari wakasema apelekwe Adelaide akapasuliwe. Alasiri ya kuamkia safari aliingia katika kile chumba, akafunga milango yote miwili, akaongea na kompyuta kwa dakika kumi na tisa. Mama yake alimngoja nje. Alipotoka akasema, "Mama, neno la pili ni lako. Chagua mwenyewe, wala usiniambie." Neno lake yeye alimnong'oneza mumewe, Clifton Japangardi, kwenye uwanja wa ndege, huku rubani anawaharakisha. Akaenda. Moyo haukuamka tena baada ya kupasuliwa.

Sasa hapo ndipo mjue kosa lilipo. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaongei. Hawatazamani, hawapandi gari moja, hawakai chumba kimoja. Si chuki, ni heshima, na kubwa. Clifton akiingia dukani, Merle anatoka kwa mlango wa nyuma hata kama hajalipia nyama. Miaka tisa ya ndoa, binti yetu ndiye aliyekuwa njia kati yao. "Mama anasema lete kuni." "Clifton anasema gari limepona." Akaigawa sauti yake mara mbili, nusu kwa huyu na nusu kwa yule, watu wawili wasioweza hata kusalimiana, kwa sababu hakujua kukaa mahali pengine isipokuwa katikati yao.

Tukaomboleza inavyopasa. Nyumba ikafukizwa kwa majani. Picha zake zikaondolewa zote, na katika ile ya timu ya mpira ofisini wakambandika karatasi usoni. Nguo zikaenda. Clifton akarudi kwa ndugu zake kaskazini. Merle akanyamaza, kama wanavyonyamaza mama waliofiwa, akawa anaongea kwa ishara za mikono, na kwa miezi kumi na minne sikusikia sauti yake. Tulikaa kivulini mchana kutwa, tunachemsha chai, mikono yake inaniuliza kama nakumbuka binti yetu alivyokuwa akicheka. Mikono yangu inajibu ndiyo. Nilikuwa namdanganya. Nilikumbuka kwamba alikuwa anacheka sana, lakini kicheko chenyewe kilikwisha kunitoka.

Siku wazee walipomfungulia kinywa aseme tena, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa hilo. Sauti ilikuwa imekauka, ilibidi nisogee.

"Wifi, sura yake ninayo. Sauti inaniponyoka. Jana nimekaa tangu asubuhi naitafuta, nikapata ya dada yangu."

"Itarudi," nikamwambia.

"Hairudi. Iko kwenye ile kompyuta, na mimi nina nusu ya ufunguo."

Nilimwona akiingia kila siku katika kile chumba, anawasaidia watu kufungua maboksi yao, anatoka nje wakisikiliza yao, anarudi kufunga. Halafu anakaa mbele ya lile moja. Anaandika neno lake, anangoja dakika tano, linajifunga. Anaandika tena. Niliwahi kumkuta akifanya hivyo tangu chakula cha mchana, na nyama ya kopo imekauka sahanini.

Alimpigia simu Fergus. Nilikuwepo, simu ilikuwa kwenye spika. Fergus, masikini, alisikitika kweli. Akasema hakuna fundi duniani wa kulifungua boksi lile bila neno, ndivyo lilivyotengenezwa. Halafu akasema, "Lakini kama kuna jina lake humo, mama, unaweza kunitajia tu, tukajaribu. Niandike mimi. Kwangu ni neno tu." Merle alikata simu. Akaenda kuosha vikombe vya ofisi nzima, hata vilivyokuwa safi.

"Kwake ni neno tu," akasema. Akaosha kimoja mara mbili.

Basi nikamfuata Clifton. Nilipanda gari la timu ya wanawake waliokuwa wanakwenda kucheza huko, saa saba za vumbi na nyimbo zisizo na maana. Nikamkuta amekonda, ndevu zimemjaa, anatengeneza radieta.

"Shangazi," akasema, akanipa kiti.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua neno."

"Ninalo. Sijalisahau hata siku moja." Akafuta mikono. "Jina lake limo katikati. Nitalisemaje? Na ningelisema, nani amfikishie yule mama, wewe? Wewe nawe huwezi kulitamka."

"Basi njoo uliandike."

"Kuandika na kusema kuna tofauti gani? Ninyi wa upande wa baba ndio wenye jina. Mkisema ndiyo, nakuja. Msiposema, nitakaa nalo mpaka nife."

Siwezi kumlaumu, alisema sawasawa. Nikarudi, nikaketi na kaka yangu na wazee wetu siku mbili. Wengine walisema bado mapema. Mjomba mmoja akasema vitu vya marehemu havichokonolewi. Nikawauliza, aliyeandika jina lile humo ni nani? Si mwenyewe? Aliliweka kwa mkono wake ili lifungue. Mnataka lifunge mpaka lini? Nilisema na mengine ambayo sitayarudia, na mke wa mjomba hajanisalimu mpaka leo. Mwisho wakakubali: jina lisitamkwe, ila liandikwe mara moja, na mume, kwa kazi ile tu.

Clifton alifika Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimepanga kila kitu kama harusi. Merle akaingia kwa mlango wa uani, akaandika neno lake, akatoka, akaketi chini mgongo ukiwa ukutani, uso umeelekea mchanga na mbwa. Nikafunga mlango ule, nikakimbia kumfungulia Clifton ule wa barabarani. Magoti yangu si ya kukimbia. Akaketi mbele ya kompyuta, mimi nikamgeuzia mgongo nisione.

Sikusikia kitufe hata kimoja. Dakika tano zikaisha, ikajifunga.

Tukarudia. Merle ndani, Merle nje, mimi mbio, Clifton ndani. Safari hii nilisikia vitufe vinne au vitano, kisha kimya, kisha ikajifunga tena. Clifton akatoka akaketi kwenye ngazi ya mbele, mikono magotini.

"Vidole havitaki, Shangazi."

Hapo nikakasirika. "Yule mwanamke nyuma ya ukuta ameanza kusahau sauti ya mwanawe. Amekaa miaka miwili anangoja. Na wewe mwanamume mzima unaogopa vitufe?"

"Siogopi vitufe." Hakuinua uso. "Kila nikilifikiria, naona ni yeye ndiye anayeliandika. Nikiliandika mimi, ina maana yeye haji tena kuliandika."

Ukuta wa ile ofisi ni bati, na Merle alikuwa amesikia kila neno. Sauti yake ikaja kutoka upande wa pili, ananisemesha mimi, kwa sababu ni mimi tu niliyeruhusiwa kusemeshwa.

"Wifi, mwambie huyo mtu kwamba hata mimi. Mwambie kila siku naandika langu, namngoja yeye aje aandike lake."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Clifton akasimama. "Mwambie aanze," akasema.

Mara ya tatu niliyahesabu mapigo ya moyo wangu badala ya vitufe. Nikasikia kiti kinalia. Nikageuka. Boksi lilikuwa wazi. Ndani yake kitu kimoja tu, ile sauti ya dakika kumi na tisa, na juu yake binti yetu alikuwa ameandika: Ya mume wangu peke yake.

Niliyasoma maneno hayo mara tatu labda yatabadilika. Clifton alikuwa ameyasoma pia, akaniangalia kwa hofu. Nikatoka uani. Sijawahi kubeba ujumbe mzito kama ule hatua chache vile.

"Limefunguka?" Merle akauliza.

"Limefunguka. Wifi, ameandika ni ya mumewe. Yake peke yake."

Hakulia. Alitazama mchanga, akauchora kwa kidole, akaufuta. Nikatamani kumpiga mtu, sijui nani.

"Sikiliza," nikamnong'oneza. "Huyu ni mtoto uliyemzaa. Neno la pili ni lako. Ukuta ni bati. Wewe kaa hapahapa, mimi nitamwambia aweke kwa sauti, nani atajua?"

"Mimi nitajua." Akanitazama. "Wifi, mimi ndiye ninayewaambia watu wote hapa kwamba kilicho chako ni chako. Nikimsikiliza mwanangu kwa wizi, kesho nitakaa kile kiti kwa uso gani? Mpe vile vya kuweka masikioni. Na wewe utoke humo."

"Na wewe je?"

"Mimi nilitaka sauti yake tu. Hayo maneno sikuyataka." Hapo ndipo machozi yakaanza. "Hata kama angekuwa anasoma bei za dukani. Ningekaa nikasikiliza."

Nikampa Clifton vile vya masikioni, nikafunga mlango, nikarudi kuketi na wifi yangu. Tulikaa pale dakika zile kumi na tisa. Bati lilianza kupata moto mgongoni. Mara moja tulimsikia Clifton akicheka kidogo, na Merle akakaza mkono wangu mpaka pete ikaniumiza. Alikuwa anajua mwanawe amesema kitu cha kuchekesha, na hakukijua. Baadaye tukamsikia analia, na hilo lilikuwa rahisi zaidi kulisikia.

Kisha kimya. Nikadhani amekwisha kuondoka. Nikaanza kuinuka nikafunge kompyuta.

Kukawa na mkwaruzo, kama mtu anayevuta waya. Kisha kiti kikalia ndani, lakini Clifton hakuwa amesogea. Kiti kile kilikuwa cha miaka miwili iliyopita. Nikasikia kiyoyozi kinakohoa mara mbili kwa pamoja, cha leo na cha siku ile. Binti yetu alikuwa amemaliza kusema na mumewe, akainuka, akasahau kuizima mashine. Clifton alikuwa ameifikisha mpaka hapo, mahali ambapo siri imekwisha, akachomoa waya wa masikioni, akaongeza sauti.

Hatua zikaenda mlangoni. Komeo likagonga.

"Mama," akasema binti yetu. "Mama, uko hapo nje?"

Merle alikuwa ameketi mgongo ukutani, macho mbele.

"Nipo, mwanangu," akasema.

Ikakatika hapo. Merle akanishika bega.

"Wifi, mwambie arudie."

Nikainuka, lakini sikupiga hata hatua mbili. Miaka kumi na moja wale watu hawajawahi kupitisha neno bila mtu katikati, na siku ile Clifton hakunisubiri. Kiti kikalia tena, hatua zikaja, komeo likagonga.

"Mama, uko hapo nje?"

"Nipo," akasema Merle. "Nipo, mwanangu. Nipo hapa."